UZI: Watuambie gharama kabla ya sifa. Nishati safi na sisi wa Mombasa

BintiMakupa (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Jambo hili nimekaa nalo tangu niache kazi, na leo nalitoa. Kwa miaka 6 nilikuwa afisa wa uhusiano wa jamii katika kampuni moja ya nishati hapa Pwani. Jina lake sitalitaja, na anayelijua namwomba asilitaje. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele za watu, kwenye baraza la chifu, nje ya msikiti baada ya Alasiri, chini ya mwembe, niwaeleze kampuni yataka kufanya nini.

Siku moja nilitumwa Jomvu na katoni ya vipeperushi. Viliandikwa kwa Kiingereza, kisha vikageuzwa Kiswahili neno kwa neno. Kila mstari ulikuwa "mpito wa nishati". Mzee mmoja aliyekaa mbele, mkongojo magotini, alinisikiza mpaka mwisho kisha akauliza: "Binti yangu, huo mpito watoka wapi, waenda wapi, na nauli alipa nani?"

Nilitazama karatasi nikitafuta jibu. Halikuwamo. Hakukuwa na bei, wala shamba la nani litapitiwa na nyaya, wala vijana wangapi wataajiriwa na kwa miezi mingapi. Niliporudi ofisini nililiandika swali lile kwenye ripoti. Likafutwa, pahali pake pakaandikwa kwamba jamii imeupokea mradi vizuri.

Uzi huu nauandikia swali la yule mzee. Mpito wenyewe ni kuacha stima ya mafuta na kuingia ya jua, upepo na mvuke wa ardhini.

Tuanze na tulipo. Stima Mombasa si ya jana. Kampuni ya stima ya mji huu ilianza 1908 kwa jenereta iliyotoka Zanzibar, ile aliyoinunua Seyyid Barghash mwaka 1875 kuwashia jumba lake na njia za karibu. Mwaka 1922 ikaunganishwa na ile ya Nairobi. Baadaye, kwa miaka mingi, Pwani tuliegemea sana stima ya mafuta: kituo cha Kipevu, kisha cha Rabai. Aliyekulia Chaani au Port Reitz ayajua mabomba yale ya moshi. Mwaka 2017 ndipo laini kubwa ya kilomita 482 kutoka upande wa Nairobi ilipokamilika, na stima ya mvuke wa ardhini kutoka Olkaria ikaanza kutufikia kwa wingi. Leo takriban asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya yatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Marekani haijafika hata nusu ya hapo.

Sasa mwambie haya mtu wa Kisauni. Mimi nimewaambia, si mara moja. Jibu ni lile lile: "Kama yatoka kwa upepo na jua, mbona ghali hivi?"

Swali hilo ni la haki na lina jibu, lakini jibu lenyewe halisemwi. Jioni, kuanzia saa 1 hivi, kila nyumba yawasha taa, televisheni, pasi, friji. Jua limeshazama na upepo una siku zake. Mitambo ya mafuta ndiyo huitwa kuziba pengo, na mafuta hununuliwa kwa dola. Kila mwezi mdhibiti wa sekta ya nishati, yaani EPRA, hutangaza kwenye Gazeti Rasmi kiasi kitakachoongezwa kwa kila yuniti kufidia mafuta yaliyochomwa. Juu yake kuna tofauti ya thamani ya dola, kuna mfumko wa bei, kuna asilimia 5 ya stima ya vijijini, kuna VAT asilimia 16. Ukinunua tokeni, yote hayo hukufikia kwenye simu kwa neno moja la Kiingereza: "OtherCharges". Mtu katoa shilingi 500, yuniti alizopata hazifanani na hesabu yake, na maelezo anayopewa ni neno hilo moja tu. Imani hufia hapo, kabla hata hujaanza kumhubiria upepo wa Turkana.

Mfano mwingine. Aprili 2023 bei mpya zilipoanza, kiwango cha nafuu kilichokuwa mpaka yuniti 100 kwa mwezi kilishushwa hadi 30. Na daraja lako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi 3. Kwa hivyo jirani wawili, mlango kwa mlango, wakinunua tokeni ya pesa sawa hupata yuniti tofauti. Wiki zile nilikuwa Bamburi. Mama mmoja anayeuza barafu na juisi ya ukwaju aliamini mita yake imechezewa, akamlipa mtu shilingi 1,500 "airekebishe". Mita haikuwa na kosa lolote. Friji yake ilikuwa imemtoa daraja la nafuu, na hakuna aliyekwenda kumwambia. Mimi mwenyewe nilikuwa mwajiriwa wa sekta hii na sikumwambia, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeambiwa.

Naomba tuchangie kwa heshima. Hasa nataka kuwasikia mafundi, watu wa hesabu, na wazee waliofanya kazi kwenye mitambo.

---

FundiWaMikindani

Dadangu, umesema kweli. Mimi nafunga sola tangu 2013. Niwape upande wetu.

Kwanza ni sheria kubadilika chini ya miguu. Vifaa vya sola viliondolewa VAT mwaka 2014, tukapumua. 2020 VAT ikarudi. Nilikuwa nimeshaandikia wateja 4 makadirio ya bei, nikawarudia mmoja mmoja kuwaambia bei imepanda. Wawili hawakunielewa mpaka leo, wao wajua fundi amegeuka maneno. 2021 ikaondolewa tena. Sasa mteja aniambia, "Fundi, nangoja, huenda ikashuka." Anangoja, na jenereta yake yanguruma.

Au chukua habari ya kuuza stima ya ziada kwa gridi, yaani mtandao wa nyaya za nchi. Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu. Kanuni za kuitekeleza zikatoka 2024. Miaka 5! Katikati ya miaka hiyo kampuni za mauzo ya paneli zilikuwa zishawaambia watu kwamba "mita itarudi nyuma". Niliitwa nyumba 3 Nyali kuulizwa mbona mita hairudi nyuma. Hapo fundi asema nini?

La pili laniuma zaidi, nalo ni betri. Mimi ni mtu wa Mikindani, na Owino Uhuru ni hapo tu. Wengi wenu mwakijua kisa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pale tangu 2007 hadi 2014, madini ya risasi yakaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa pale, mtoto wake mchanga akadhurika, akasimama mpaka kiwanda kikafungwa. Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikapingwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watoto waliokuwa wakicheza kwenye ule udongo sasa ni watu wazima.

Betri zile zilikuwa za risasi na asidi, aina ile ile ambayo mafundi wengi bado twawafungia watu wa kipato cha chini kwa sababu ni rahisi. Sijawahi kuona tangazo moja la sola linaloeleza betri ikifa yaenda wapi. Sheria ya taka ya 2022 yasema mwenye kuleta bidhaa awajibike nayo mpaka mwisho wake. Kwenye kibanda changu nina betri kuukuu 11. Mnunuzi wa vyuma chakavu apita kila wiki kuziulizia, nami simuuzii, kwa sababu najua zitapasuliwa wapi na maji yake yatamwagwa wapi.

---

MamaMahamri_Kongowea

Mie sina maneno mengi. Napika mahamri na mbaazi kila alfajiri, stima na sola hazinihusu kama moto unavyonihusu. Tuliambiwa tuache makaa, tuache stovu ya mafuta ya taa, tuje kwa gesi, gesi ni safi na ni rahisi. Nikaja. Nikanunua mtungi mkubwa na jiko la pleti mbili kwa pesa za chama. Julai 2021 gesi ikatiwa VAT asilimia 16, na mtungi ukapanda nisiuweze. Mafuta ya taa nayo tangu 2018 yalikuwa yameongezwa kodi. Nikarudi kwa makaa, na kikohozi kikarudi. Baadaye kodi ya gesi ikapunguzwa nusu, kisha 2023 ikaondolewa, nami nimerudi kwa gesi.

Ninachouliza: aliyenishawishi ninunue mtungi alijua kwamba kodi yaweza kurudi? Kama alijua, mbona hakuniambia? Ningeweka akiba.

---

HesabuKwanza

Dada BintiMakupa, nakuheshimu, lakini wacha niwatetee kidogo. Nimefanya kazi ya uhasibu katika sekta hii. Mwaona kampuni kama dude moja lenye mdomo mmoja. Sivyo. Mzalishaji ni mwingine, mwenye nyaya kubwa ni mwingine, msambazaji ni mwingine, na bei hupangwa na EPRA, si na yeyote kati yao. Msambazaji akitaka kusema "bei itashuka mwakani", hana mamlaka. Mzalishaji akitaka kufungua mkataba wake ausome kila mtu, wakili na mkopeshaji wake hawamruhusu.

Tena wanasiasa husema kabla ya hesabu kukamilika. Kumbukeni 2021. Kamati ya kuchunguza mikataba ya kununua stima, iliyoongozwa na John Ngumi, ilitoa ripoti Septemba. Rais Uhuru Kenyatta akatangaza bei ishuke kwa thuluthi nzima, kutoka shilingi 24 hadi 16, ifikapo Desemba. Januari 2022 ilishuka kwa asilimia 15. Nusu ya pili haikuja. Aliyetukanwa ni karani wa kaunta. Mimi nilimwona akilia.

Na mikataba yenyewe si ujinga mtupu kama isemwavyo. Mtu hawezi kukopa mabilioni ajenge mitambo 365 ya upepo Loiyangalani, kile kituo cha Ziwa Turkana, bila kuhakikishiwa kwamba stima yake italipiwa. Tabu ni kwamba mitambo ilikuwa tayari 2017 na laini ya kuitoa stima ikachelewa mpaka Septemba 2018. Muda huo wote mlipaji alidaiwa stima isiyomfikia. Mkataba ulisema hivyo. Waliousaini walijua. Waliolipa hawakujua.

---

BintiMakupa

Mwishoni mwa maneno yako umeyasema niliyotaka kuyasema: waliosaini walijua, waliolipa hawakujua. Lakini wa kwanza kukubali nitakuwa mimi, kampuni moja peke yake haiwezi kuyatengeneza haya, na karani wa kaunta si wa kubebeshwa ahadi ya rais.

Ila kuna mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya wakili. Mkumbuke usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023. Nchi nzima giza, uwanja wa ndege wa Nairobi giza. Kenya Power ikasema chanzo ni kituo cha upepo cha Turkana kuzimika ghafla. Wenye kituo wakajibu kwamba wao walizimika kwa sababu volti za gridi zilipanda kupita kiasi, mitambo ikajikinga. Kila mmoja akatoa taarifa yake. Na siku 10 baadaye Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika wa hali ya hewa, mabango kila nguzo, Kenya yajisifu kwa stima safi na kulenga asilimia 100 kufikia 2030. Kwa mtu wa Majengo aliyemwaga samaki wa friji nzima, picha iliyobaki ni moja: upepo ndio ulioleta giza. Mpaka leo nasikia watu wakisema hivyo kwenye matatu. Taarifa moja tu ya pamoja ingetosha, kwa Kiswahili, kwenye redio za hapa, ikieleza gridi ni nini na kwa nini kuzimika kwa megawati 270 kwa mpigo kwaweza kuangusha mengine. Mtu wa Pwani aelewa mambo hayo. Jahazi ikivunjika mlingoti hadanganywi kwamba ni upepo tu. Atauliza kamba zilifungwaje.

---

MstaafuWaMitambo

Binti yangu, na wanangu nyote. Mimi sijui kuandika sana humu, mjukuu wangu ndiye anayenichapia. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya mafuta miaka 27. Kituo sitakitaja.

Nimesoma vipeperushi vingi vya hiyo nishati safi. Ndani yake sisi ni "chafu". Ni kweli moshi tulitoa, na nguo zetu za kazi mke wangu alizifua kando. Lakini kila mara ukame ulipoingia na mabwawa ya Masinga na Kamburu yakashuka, tuliamshwa usiku sisi. Mji huu haukulala gizani kwa sababu yetu. Hakuna hata mara moja niliyosikia mtu wa kampuni akisema mbele za watu: hawa ndio waliotufikisha hapa, na sasa twaomba wapumzike, na haya ndiyo tutakayowafanyia.

Kipevu ya pili, megawati 74, mkataba wake wa miaka 20 uliisha 2021, mitambo ikanyamaza. Kabla yake, Septemba 2013, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha baada ya miaka 50. Nilikuwa na rafiki zangu pale. Nje ya lango kulikuwa na vibanda vya chai, wauza magazeti, mafundi viatu. Havikuandikwa kwenye ripoti yoyote, na vilikufa kimya kimya. Ulizeni mzee yeyote wa Magongo.

Kijana anayejua kulainisha mtambo wa tani 100 na kuusikiliza kwa sikio akajua bea gani inalalamika, aweza kufundishwa kutunza upepo au betri. Ufundi ni ule ule. Lakini aambiwe miaka 5 kabla, si barua ya Ijumaa jioni. Mimi yangu ilikuwa barua ya Ijumaa jioni.

---

Mtwapa_Huru

Mzee wangu pole sana. Lakini wengine humu mwazunguka. Dawa ni kila mtu afunge sola yake akatane na hawa watu kabisa. Mimi nimefunga kilowati 3 na betri, tokeni nimesahau rangi yake. Hoteli za Bamburi na Nyali zafanya hivyo, viwanda vyafanya hivyo. Tuachane na mpito wao, tujipitishe wenyewe.

---

HesabuKwanza

Mtwapa_Huru, nakupongeza, na sikulaumu. Ila fikiria nguzo, nyaya, transfoma, na madeni ya mikataba ile. Gharama hizo hazipungui wewe ukiondoka. Wateja wakubwa wakiondoka mchana na kurudi jioni tu, saa za stima ghali, wanaobaki kulipia gridi ni akina nani? Ni wa tokeni ya shilingi 50. Sola haina kosa. Ila bei iliyopangwa zamani, kila mtu alipokuwa hana pa kwenda, lazima ipangwe upya, na kuipanga upya kutaumiza mtu. Hakuna kampuni inayotaka kulitamka hilo hadharani.

---

FundiWaMikindani

Na wenye uwezo wa kilowati 3 na betri, mtaani kwangu ni nyumba 2 kati ya mia. Wengine ni wapangaji. Mwenye nyumba akwambia paa ni langu.

---

MwanasheriaMtarajiwa

Nasoma sheria, mwaka wa nne, na mamangu ni wa Lamu, kwa hivyo haya ni ya nyumbani.

Niweke kesi mezani, maana mahakama zimeshajibu swali la yule mzee wa Jomvu kuliko kampuni zilivyojibu. Lamu, makaa ya mawe, megawati 1,050 pale Kwasasi. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari kuandikwa. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ripoti yenyewe watu hawakupewa wakaisoma na kuijibu. Babangu mdogo alihudhuria mikutano ile. Asema walipewa soda na orodha ya kutia sahihi.

Mtasema hayo ni makaa ya mawe, si nishati safi. Sawa. Kinangop, Nyandarua: upepo, megawati 60. Hofu za ardhi na za afya zikaenea, hazikujibiwa mapema, maandamano ya 2015 yakaua mtu, na Februari 2016 wawekezaji wakaacha mradi. Turkana: Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi ekari 150,000 zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria. Upepo haukuwaokoa. Na Uyombo, hapo Kilifi, 2024 wavuvi na wenyeji waliandamana kuhusu nyuklia, nayo pia yaitwa safi.

Ukilinganisha, Langobaya kule Malindi kuna megawati 52 za jua tangu 2021 na nchi haikusikia kelele kubwa. Sidai kila kitu kule kilikuwa sawa. Nasema tu kwamba mradi safi waweza kujengwa na watu wakaendelea kuishi. Katiba, ibara ya 10, yataja ushirikishwaji wa wananchi kama msingi wa utawala. Wengi kwenye kampuni huuona kama kizingiti cha kuvuka ili upate muhuri.

---

BintiMakupa

Ahsante mwanangu. Soda na orodha ya kutia sahihi. Nimezigawa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na naona aibu. Orodha ile ya mahudhurio baadaye huambatishwa kwenye ripoti kana kwamba ni orodha ya waliokubali.

Wacha niseme na la ng'ambo, kwa sababu vipeperushi vyetu vingi ni nakala za kule. BP mwaka 2000 ilibadilisha nembo ikaweka kama ua la kijani na manjano, ikajinadi kwamba imekwenda ng'ambo ya petroli. 2020 iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Februari 2023 ikasema 25. Februari 2025 ikaiacha ahadi yenyewe na kuongeza pesa kwenye mafuta. Uingereza, Juni 2023, msimamizi wa matangazo alipiga marufuku matangazo ya Shell, Repsol na Petronas kwa sababu yalionyesha vipande vya kijani na kuficha kwamba biashara kubwa bado ni mafuta na gesi. Yaani hata wenye idara nzima za mawasiliano na pesa zisizohesabika wameangukia pale pale: sifa zilitangulia, gharama zikafichwa, na gharama zilipojitokeza ahadi ikavunjika.

Mstaafu, mzee wangu, maneno yako kuhusu barua ya Ijumaa nimeyasoma nikasimama nikatoka nje. Kwenye ofisi yetu palikuwa na mpango wa mawasiliano wa kurasa 40. Wafanyakazi wa mitambo ya zamani walitajwa kwenye ukurasa mmoja, chini ya kichwa cha hatari kwa sifa ya kampuni. Hatari. Watu waliokesha miaka 27.

Kama ningerudishwa leo kwenye kile kiti, nisingeanza na kipeperushi. Ningekaa na watu wa hesabu mpaka nielewe kila shilingi ya ile tokeni, na nisipoielewa mkutano hauitwi. Kisha ningeenda Jomvu kabla mpango haujafungwa, wakati bado laini yaweza kusogezwa mita 200 kuepuka makaburi ya watu. Nilishuhudia laini ikisogezwa mara moja tu, kwa sababu mkandarasi alikosa mawe ya msingi, na haikugharimu kitu kikubwa. Na ningewaambia yaliyo mabaya kwanza: bei yaweza kupanda jioni, ajira nyingi zitakwisha ujenzi ukiisha, kodi yaweza kubadilika bungeni bila sisi kuulizwa. Nimeona watu wa Pwani wakipokea habari mbaya kwa utulivu. Jambo lisilosameheka kwao ni kugundua baadaye kwamba ulikuwa unajua.

---

MamaMahamri_Kongowea

BintiMakupa, basi anza na sie. Ile tokeni nifafanulie kwa maneno ya hapa, niibandike ukutani. Wateja wangu huuliza kila siku.

---

BintiMakupa

Haya mamangu. Nimejaribu:

"Ukinunua tokeni, pesa yako hugawanyika. Sehemu kubwa ni bei ya stima yenyewe, na bei hiyo yategemea umetumia wastani wa yuniti ngapi kwa miezi 3: mpaka 30 ni nafuu zaidi, zaidi ya 30 mpaka 100 ni ya kati, zaidi ya 100 ni ya juu. Sehemu ya pili ni ya dizeli iliyochomwa mwezi uliopita, hubadilika kila mwezi. Sehemu ya tatu ni tofauti ya dola, hubadilika kila mwezi. Kisha kuna mfumko wa bei, ada ndogo za serikali, asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, na VAT asilimia 16. Ukipata yuniti chache kuliko jirani kwa pesa sawa, tazama kwanza matumizi yako ya miezi 3 kabla ya kumlipa mtu aguse mita. Kugusa mita ni hatari na ni kosa."

---

FundiWaMikindani

Naibandika kwenye kibanda leo. Nitaongeza chini: "Betri kuukuu zipokewa hapa, haziuzwi kwa chuma chakavu." Halafu nitafute pa kuzipeleka. Anayejua kiwanda chenye kibali cha kuzichakata aniandikie pembeni.

---

MstaafuWaMitambo

Binti yangu, usiandike dizeli. Mitambo ya Kipevu na Rabai huchoma mafuta mazito, yale meusi, hupashwa moto kwanza ndipo yatiririke. Mtu wa Changamwe akisoma dizeli atajua aliyeandika hajafika, na hatasoma yaliyobaki.

---

BintiMakupa

Kweli, babangu. Nimerekebisha: "mafuta mazito yaliyochomwa mwezi uliopita". MamaMahamri, uliyoichukua mwanzo iondoe, uweke hii.